Naenda Istanbul na mama watoto siku sita: wenyeji wanakula wapi, na tufanye nini zaidi ya kupiga picha?

Mtoto wa Nyakato (mtoa uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mwaka jana mimi na mama watoto tulijichanga tukaenda Dubai siku tano. Nasema ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayenijua: siku zote tano tulikula kuku wa kukaanga kwenye ghorofa ya chakula ya maduka makubwa. Kuku yuleyule ningempata Mwanza kwa nusu ya bei. Tulirudi na picha za majengo marefu, na mwenyeji pekee tuliyezungumza naye alikuwa dereva wa teksi, ambaye naye alitoka Pakistan.

Mwezi ujao tunatimiza miaka kumi ya ndoa, tumekata tiketi ya Istanbul. Hoteli iko Sultanahmet. Safari hii sitaki kurudia ujinga. Naomba mnimwagie ujuzi: watu wa pale wenyewe wanakula wapi? Jioni wanakwenda wapi? Mama watoto ni Muislamu, anaswali. Mimi nakula chochote kisichonitazama machoni. Mfuko wetu ni wa mwalimu na mwenye duka la vipuri, kwa hiyo msinielekeze kwenye migahawa ya juu ya paa.

---

Kigogo Mstaafu

Naweka kambi hapa, ngoja waje wajuzi.

---

Mzee wa Ratiba

Mkuu usijisumbue. Tafuta wakala akupangie kila kitu, basi linawachukua mlangoni, chakula kiko kwenye bei. Umekwenda kupumzika, unahangaika na mama ntilie wa watu wa nini?

---

Mtoto wa Nyakato

Mzee wa Ratiba, ndivyo nilivyofanya Dubai.

---

Msomi wa Fatih

Mtoa uzi, nimesoma Istanbul miaka mitano kwa ufadhili wa serikali yao. Nilikuwa nakula kwa pesa ya mwanafunzi, kwa hiyo ninachokuambia kimepita tumboni kwangu.

Nianze na hoteli yako. Sultanahmet kulala ni pazuri, kila kitu kiko miguuni. Kula ndiyo shughuli. Ukitoka tu nje utakutana na wapiga debe wa migahawa, wanakuita "my friend", wanakufungulia menyu yenye picha. Mimi nilijiwekea sheria: penye mpiga debe mlangoni sikai. Mwenye chakula kizuri, saa saba mchana hana nafasi ya kusimama barabarani kukuita.

Maneno ya kushika ni *esnaf lokantası*. Esnaf ni mafundi, wenye maduka, watu wa karakana. Lokanta ni mgahawa. Ndiyo mama ntilie yao, ila mpishi mara nyingi ni mzee mwenye masharubu. Vyakula vimepikwa asubuhi na kupangwa kwenye matrei nyuma ya kioo: bilinganya zilizojazwa nyama ya kusaga, maharage meupe ya nyanya, mchicha wenye mtindi juu yake, kondoo wa kuchemsha, supu ya adesi. Kituruki hukihitaji, unanyoosha kidole. Mkate unawekwa mezani na hauhesabiwi. Ukiona pilav usichangamke sana, ni pilau kwa jina tu, wenyewe ni wali mweupe wa siagi.

Sasa sikiliza hapa, maana wageni wengi ndipo wanapokosea. Sehemu hizi zinaishi kwa saa ya chakula cha mchana. Kuanzia saa tano hivi matrei yamejaa, ukija saa kumi unakuta mzee anaosha sufuria. Nyingi hazifungui Jumapili kwa sababu mafundi wenyewe wako nyumbani. Panga makumbusho yako kuzunguka mlo wa mchana, sio mlo kuzunguka makumbusho.

Kutoka kwako unaweza kutembea hadi Süleymaniye, ule msikiti uliobuniwa na Mimar Sinan na kukamilika mwaka 1557. Mbele yake kuna safu ya migahawa ya maharage. Mtu anakaa na bakuli la *kuru fasulye*, wali na achari pembeni, nyuma yake kuta za msikiti. Mimi ni mtu wa Kagera, nimekuzwa na maharage, nilikwenda pale nikijua hakuna wa kunifundisha kitu. Nililamba bakuli.

Kuhusu simu. Ramani za mtandaoni zinasaidia, lakini usitafute kwa Kiingereza "best restaurant", utarudishwa kulekule kwa wapiga debe. Andika *esnaf lokantası*, kisha panga maoni kuanzia ya karibuni na usome yaliyoandikwa kwa Kituruki, simu itakutafsiria. Mgahawa wenye nyota 4.9 na maoni elfu mbili ya wageni, kila mmoja anamshukuru mhudumu kwa jina, ujue wahudumu ndio wanaomba waandikiwe kabla hujanyanyuka. Mimi natafuta wenye 4.2 ambao wateja wake wanalalamika "nimefika saa nane chakula kimekwisha". Lalamiko kama hilo ndilo tangazo zuri.

Na mtu wa mapokezi usimuulize "wapi pazuri?" Swali hilo amelijibu mara elfu na jibu lake ni la wageni. Muulize: "Wewe leo mchana umekula wapi?" Atacheka kwanza, halafu atakuchorea njia.

---

Chapati Mbili

Unamaliza maharage ya Mwanza ukale maharage ya Uturuki kwa tiketi ya ndege. Hii chai.

---

Msomi wa Fatih

Chai yenyewe bado sijaifikia, subiri.

Ndugu Nyakato, siku moja vuka maji. Toka Sultanahmet kwa tramu namba T1 ushuke Eminönü, pale kuna vivuko, wenyewe wanaita *vapur*. Panda cha Kadıköy, upande wa Asia, ni kama dakika ishirini. Fikiria pantoni ya Kigamboni ambayo ndani kuna mtu anapita na trei ya chai ya moto, na shakwe wanaruka sambamba na dirisha wakidaka vipande vya simit, ule mkate wa mviringo wenye ufuta. Nauli ni ya usafiri wa kawaida wa mjini. Nimewaona watalii wakilipa boti za watu binafsi wazungushwe saa nzima na muziki mkubwa, na kivuko cha wafanyakazi kinapita pembeni kina mandhari ileile.

Kadıköy ukishuka, ingia mitaa ya soko nyuma ya kituo. Samaki, jibini, zeituni, mikate, kila duka lina wateja wake wa miaka. Hapo kula chochote, huwezi kupotea sana. Jumanne kuna soko kubwa la wiki upande huohuo, na Jumatano kuna la Fatih, linajaza mitaa yote inayozunguka msikiti wa Fatih. Watu wananunua nguo, mboga, masufuria. Mtalii pale ni wa kuhesabu.

---

Mama Mzigo

Wanangu, mimi naingia Istanbul kuchukua nguo Laleli, sio kutembea, lakini tumbo halijui tofauti.

Kijana, mkifika nunueni kadi ya Istanbulkart kwenye mashine pale kituoni. Inaingia tramu, metro, basi na vivuko, na Marmaray pia, ile treni inayopita chini ya bahari. Kadi moja mnaweza kugonga wawili, wewe unapita, unamgongea mkeo. Msikubali kijana wa pembeni "kuwasaidia" kwenye mashine.

Soko kubwa la Kapalıçarşı Jumapili limefungwa, msije mkafunga safari bure. Na msile ndani mle. Tokeni nje, mfuateni kijana wa chai. Kila mtaa wa maduka una kijana anayekimbia na trei ya glasi, anazipeleka dukani na kurudi kuchukua tupu. Anakojaza glasi zake ndipo wenye maduka wanakokaa, na karibu yake hakosi mtu wa supu. Mimi sehemu zangu zote Laleli nimezipata kwa kufuata trei.

Mkichoka mikate, teremkeni Aksaray. Kuna Wasomali wanapika wali wa viungo na mbuzi na ndizi pembeni. Nilikula nikalia. Ni siku ya sita ndiyo nasema, msiende siku ya kwanza.

Jiji nalo lilianza kufungua migahawa yake mwaka 2022, inaitwa Kent Lokantası. Supu, nyama au kuku, wali, kitu kitamu, kwa bei ya kutupwa. Foleni ni ndefu, wanafunzi na wastaafu. Pangeni mstari kama wao.

Mambo ya kukaa macho. Msafisha viatu akiangusha brashi mbele yako, pita. Ukimwokotea atataka kukusafisha kwa shukrani, halafu shukrani ina bei. Jioni kule Taksim mtu akikusemesha vizuri na kukualika "tunywe kidogo, namjua mwenyewe", mwambie mkeo anakusubiri, hata kama yuko nyumbani Mwanza. Bili ya hapo inalipwa na walinzi wamesimama mlangoni. Na kabla hamjakaa popote penye kitambaa cha meza, angalieni bei na muulize kama kuna *kuver*, pesa ya kukalia kiti tu.

---

Otis wa Umoja

Niaje wasee. Mimi nilikuwa na layover ya saa ishirini, nikatoka mjini. Hakuna mtu ametaja kokoreç? Hiyo ni mutura bana! Matumbo ya kondoo yamefungwa kwenye chuma, yanazungushwa kwa makaa, jamaa anakatakata na pilipili anakuwekea ndani ya mkate. Halafu kuna midye dolma, kome wamejazwa wali wa viungo. Unasimama kando ya meza ya jamaa, anakufungulia, anakamua limau, unameza, anakupea mwingine. Haachi mpaka useme imetosha, kisha anahesabu maganda. Mimi niliacha nikifika kumi na nane.

---

Chapati Mbili

Mtoa uzi alisema kisichomtazama. Kome hana macho, poa.

---

Bint Mkunazini

Assalaam alaykum. Niongeze ya shemeji yetu anayeswali.

Ayasofya tangu Januari 2024 watalii wa nje wanalipa yuro 25 na wanapandishwa ghorofa ya juu. Anayekwenda kuswali anaingia chini bila ya malipo, ni msikiti tena tangu 2020, kabla ya hapo ilikuwa makumbusho. Lakini mie nikishawishi waende Eyüp. Ndipo alipozikwa sahaba Abu Ayyub al-Ansari, radhi za Allah zimshukie. Waturuki wenyewe huenda kwa wingi, familia nzima, na watoto wanaotahiriwa wamevishwa kama wafalme wadogo. Kuna boti ya Haliç, ile ghuba inayoingia mjini, inakwenda hadi pale. Baada ya sala pandeni kwa gari la kamba hadi kilimani Pierre Loti, mnywe chai mkitazama ghuba yote chini. Alasiri ndiyo wakati wake.

La pili, hamam, bafu lao la umma la maji moto na mvuke. Zile kubwa za kihistoria ni nzuri, kama ile ya Çemberlitaş ya mwaka 1584, ila bei yake ni ya wageni. Muulize mwanamke, sio mwanamume, hamam ya mtaani iko wapi, maana nyingine zina siku za wanawake na siku za wanaume. Mie nilisuguliwa na bibi mmoja kwa glavu ngumu kuliko dodoki, uchafu ukatoka kama tambi nami nilijiona msafi miaka yote. Hatukujuana lugha hata neno moja, akaniimbia.

Na lugha si ngeni hivyo. Saa ni *saat*, dakika ni *dakika*, sabuni ni *sabun*, kitabu ni *kitap*, habari ni *haber*, duka ni *dükkân*. Mkimaliza kula semeni "hesap", hesabu inakuja.

---

Mtoto wa Nyakato

Nimeyaandika yote kwenye daftari. Mama Mzigo, Bint Mkunazini, Msomi, mbarikiwe. Nitaleta mrejesho.

---

Kigogo Mstaafu

Wakisema hivyo huwa hawarudi.

---

Mtoto wa Nyakato

Nimerudi. Kigogo, kaa vizuri.

Nianze na aibu ili iishe. Siku ya kwanza tulifika jioni tumechoka, njaa inauma, tukasema tule popote. Mgahawa mmoja karibu na maji, mpiga debe mlangoni, vitambaa mezani, yote mliyonionya. Mhudumu akaleta visahani sita hatukuagiza, tukadhani ni ukarimu. Vikahesabiwa kimoja kimoja. Samaki akauzwa kwa uzito na hatukuoneshwa mizani. Mama watoto aliitazama bili akasema, "Na daftari lako liko wapi?" Lilikuwa hotelini, kwenye begi.

Asubuhi nikamuuliza kijana wa mapokezi lile swali la Msomi. Alicheka kweli. Akasema jana mchana alikula supu na nyama mtaa wa nyuma wenye maduka ya vyuma na mabomba, chini ya ngazi, hakuna kibao. Tukaenda saa sita. Meza saba, wanaume wenye mikono ya grisi, mama watoto ndiye mwanamke pekee. Nikaanza kusitasita, mzee akaondoa koti lake kwenye kiti, akakifuta kwa kiganja na kumkaribisha yeye kwanza. Supu ya adesi yenye limau na pilipili nyekundu juu. Bilinganya. Nikanyoosha kidole mara mbili. Bili ya watu wawili haikufika hata ya samaki mmoja wa jana. Tulirudi siku tatu mfululizo, na siku ya tatu yule mzee hakutuuliza, alituletea tu.

Kumbe hiyo ndiyo iliyonifurahisha kuliko kila kitu. Mimi nina duka la vipuri. Nilikuwa nimekaa kati ya wauza mabomba, mmoja anabishana na fundi kuhusu kipimo cha nati, simu haziachi kulia. Sikuelewa neno hata moja na nilielewa mazungumzo yote.

Kivuko cha Kadıköy tulikipanda mara nne. Mara mbili hatukuwa na safari, tulipanda kwa ajili ya chai na shakwe. Chai yao ni ya rangi, haina maziwa, glasi ndogo yenye kiuno, inakuja na vipande viwili vya sukari. Mama watoto akataka maziwa, muuza chai akamtazama kama mtu aliyeomba ugali kwenye kahawa. Akauliza tunatoka wapi. Nikasema Tanzania. Akafikiri, kisha akapiga kelele: "Samatta! Fenerbahçe!" Kadıköy ndiyo nyumbani kwa Fenerbahçe, nami nikasahau kabisa kwamba ndugu yetu alichezea pale. Glasi ya pili alikataa hela.

Eyüp tulikwenda Ijumaa. Hapo siandiki mengi, ni ya mama watoto. Nilimsubiri nje uani kwa njiwa saa nzima na nusu, akatoka macho mekundu, hatukuongea mpaka juu kilimani.

Hamam alikwenda peke yake, nami ya wanaume. Bint Mkunazini, tambi zilitoka.

Kokoreç, Otis, nimekula. Mutura ya kwenu sijaonja kwa hiyo siwezi kuamua kesi. Kome niliishia saba. Kuna kingine hamkunitajia: usiku karibu na Aksaray tulikuta duka la *işkembe*, supu ya utumbo, unajiwekea siki na kitunguu saumu mwenyewe. Saa tano usiku limejaa. Nikajiona niko Kirumba.

Lililoniangusha ni kisiwa cha Büyükada. Nilisikia hakuna magari, farasi nao waliondolewa 2020, nikadhani pako kimya. Tulikwenda Jumapili na Istanbul nzima ilikuwa humo ndani. Mwenye kwenda aende katikati ya wiki.

---

Mzee wa Ratiba

Ile bili ya siku ya kwanza wakala asingekuacha ulipe.

---

Mtoto wa Nyakato

Kweli mzee wangu. Ila asingenipeleka kwa wauza mabomba pia.

---

Mama Mzigo

Mwanangu, hapo kwa maduka ya mabomba, ukiwa umeipa mgongo bahari, unakata kushoto au kulia? Naondoka tarehe kumi.

---

Mtoto wa Nyakato

Kulia, mama. Kuna duka lenye mabomba ya shaba yametundikwa nje, ngazi ziko pembeni yake, zinashuka. Fika kabla ya saa saba. Mwambie mzee watu wa Mwanza wanamsalimia, hatakuelewa lakini mwambie.

Nami nina swali. Mama watoto anataka kupika ile supu. Adesi nyekundu Mwanza nazipata wapi?

---

Otis wa Umoja

Kwetu zinaitwa kamande, ziko kila soko.

---

Bint Mkunazini

Kamande ni zile za kahawia, Otis, atachemsha mpaka magharibi. Nenda duka la Mhindi useme masoor, zilizomenywa. Kitunguu, karoti, nyanya ya kopo kijiko kimoja, chemsha, saga. Nanaa kavu ikaange kwenye siagi na pilipili nyekundu, umwagie juu wakati wa kuandaa.

---

Mtoto wa Nyakato

Limau ninalo tayari. Kesho nakwenda kwa Mhindi.